Kodi za Mwajiri wa Nyumbani Nchini Marekani: Mwongozo kwa Familia Inayoajiri Mhudumu wa Mzee au Mgonjwa

Kwa sheria ya kodi ya Marekani, familia inayomlipa mtu aje nyumbani kumwogesha mzee, kumpa dawa kwa wakati, kumpikia na kukaa naye watoto wake wanapokuwa kazini, huwa imekwisha kuwa mwajiri kamili, hata kama haina kampuni iliyosajiliwa, haikutia saini mkataba wowote, na malipo yenyewe hutolewa taslimu kila Ijumaa. Hadhi hiyo ya mwajiri wa nyumbani huambatana na wajibu wa kukata michango ya mfanyakazi, kuongeza juu yake mchango wa mwajiri, na kuiwasilisha yote serikalini pamoja na ritani ya mwaka. Kaya za wazungumzaji wa Kiswahili waliohamia huko kutoka Kenya, Tanzania, Kongo na Burundi huikuta sheria hii kutoka pande zote mbili, kwa kuwa baadhi yao huajiri mhudumu wa mzazi waliyemleta kutoka nyumbani, na wengine wengi hujipatia riziki kwa kuhudumia wazee wa watu wengine. Kwa hiyo maelezo yanayofuata yanamfaa mwajiri na mwajiriwa vilevile.

Swali la kwanza, ambalo mengine yote hulitegemea, ni kama mhudumu ni mwajiriwa au ni mtu aliyejiajiri. Sheria hailijibu kwa kuangalia jina ambalo pande mbili zimekubaliana kuliitumia, bali kwa kuangalia ni nani mwenye mamlaka ya kuielekeza kazi, yaani nani anayeamua kazi gani ifanyike na ifanyike vipi. Familia inapopanga saa za kuingia na kutoka, inapoagiza kwamba uji usitiwe sukari kwa sababu mzee ana kisukari, kwamba ageuzwe kitandani kila baada ya saa mbili asije akapata vidonda, kwamba binti yake apigiwe simu kabla ya jambo lolote, na inapotoa yenyewe glavu, nepi za watu wazima na kipimo cha shinikizo la damu, mamlaka hayo yako mikononi mwake na mhudumu ni mwajiriwa wake. Haijalishi kwamba saa za kazi ni chache, kwamba mhudumu hulipwa kwa saa au kwa wiki, au kwamba alipatikana kupitia kanisani, msikitini au kwa jirani. Wala haijalishi kwamba familia, kwa jinsi inavyomwamini, haimwelekezi kila siku, maadamu haki ya kumwelekeza inayo.

Aliyejiajiri ni mtu wa namna nyingine, kwa mfano muuguzi anayezunguka kwa wagonjwa kadhaa, anayeitangaza huduma yake kwa umma, anayekuja na vifaa vyake na kujipangia mwenyewe ratiba na namna ya kufanya kazi. Suala la wakala nalo huamuliwa kwa kipimo hichohicho: wakala anayemwajiri mhudumu, kumpangia malipo, kumlipa na kuleta mwingine anapougua ndiye mwajiri, na familia hubaki kulipa ankara tu, lakini wakala aliyewakutanisha watu wawili, akachukua ada yake na kuondoka, huiachia familia wajibu wote. Jambo hili halina budi kuulizwa kabla ya siku ya kwanza ya kazi, na jibu lake lipatikane kwa maandishi.

Kosa linalotokea sana ni familia kumpa mhudumu Fomu 1099, ambayo ni ya watu waliojiajiri, ili yenyewe ijiondolee hesabu za michango. Matokeo yake ni kwamba mhudumu huangukiwa na mzigo wa pande zote mbili, takriban mara mbili ya ule ambao mwajiriwa hukatwa, na mara nyingi hugundua hivyo mwezi Aprili, fedha zikiwa zimekwisha kutumika. Mhudumu wa namna hiyo hana sababu ya kunyamaza, kwa kuwa anaweza kuiomba Idara ya Mapato ya Ndani, inayojulikana zaidi kwa kifupi cha IRS, iamue hadhi yake kwa kujaza Fomu SS-8, na wakati akisubiri jibu akatumia Fomu 8919 kulipa sehemu yake peke yake.

Baada ya kubainika kwamba mwajiriwa yupo, inabaki kubainisha mwajiri ni nani, jambo ambalo katika familia zenye ndugu wengi si jepesi kama linavyoonekana. Mama mzee mwenye akaunti yake, anayelipwa pensheni na anayetoa mwenyewe maagizo kwa mhudumu wake, ndiye mwajiri, hata kama mwanawe ndiye anayemjazia karatasi kwa idhini ya kisheria ya kumwakilisha. Pale ambapo watoto wanne huchanga kila mwezi na mmoja wao ndiye anayemsimamia mhudumu na kumkabidhi malipo, ni busara huyo mmoja achukue hadhi ya mwajiri kwa jina lake, na mapatano ya ndugu kuhusu nani atachangia kiasi gani cha kodi yaandikwe mapema, kwa sababu serikali itamdai yeye na haitawafuata wengine waliomwahidi.

Michango yenyewe ni miwili. Wa kwanza ni wa Hifadhi ya Jamii, mfuko unaolipa pensheni ya uzeeni, ulemavu na urithi wa wategemezi, ambao mfanyakazi huuchangia asilimia 6.2 ya mshahara na mwajiri asilimia 6.2. Wa pili ni wa Medicare, bima ya afya ya serikali inayowahudumia hasa watu waliotimiza miaka 65, ambao kila upande huuchangia asilimia 1.45. Kwa hiyo kila upande hutoa asilimia 7.65, na jumla ni asilimia 15.3. Wajibu huo huanza pale mfanyakazi mmoja anapolipwa na kaya moja kiasi kilichowekwa kwa mwaka, ambacho kilikuwa dola 2,700 mwaka 2024, dola 2,800 mwaka 2025, na kimekuwa dola 3,000 kwa mwaka 2026. Wengi hukielewa kiwango hiki vibaya wakidhani kwamba michango hutozwa kwenye ziada tu. Kwa kweli mshahara ukishafika hapo, michango hudaiwa tangu dola ya kwanza ya mwaka huo, na ndiyo sababu familia inayotarajia kuvuka kiwango inashauriwa kuanza kukata tangu wiki ya kwanza, kwani ikisubiri italazimika ama kumkata mhudumu fungu kubwa kwa mara moja, ama kuilipa sehemu yake kutoka mfukoni mwake.

Kinachohesabiwa ni malipo ya fedha, yawe taslimu, hundi au yaliyotumwa kwa simu. Chakula anachokula mhudumu mezani pa familia na chumba anacholala havihesabiwi katika michango hii miwili, na hilo lina uzito kwa kaya inayoishi na mhudumu wake.

Mfano unaweza kuonyesha hesabu inavyokwenda. Mhudumu anayefanya kazi saa 25 kwa wiki kwa dola 18 kwa saa hupata mshahara ghafi, yaani mshahara kabla ya makato, wa dola 450. Hapo hukatwa dola 27.90 za Hifadhi ya Jamii na dola 6.53 za Medicare, akabaki na dola 415.57 za kupokea. Familia huongeza kiasi kama hicho cha dola 34.43 kutoka kwake, na huviweka vyote pembeni, ikiwezekana katika akaunti ya akiba isiyotumika kwa matumizi ya nyumbani. Mhudumu huyo akifanya kazi wiki zote 52, mshahara wake wa mwaka ni dola 23,400, mchango wa kila upande ni dola 1,790.10, na michango yote miwili kwa pande zote ni dola 3,580.20. Familia inayopenda mhudumu apokee dola zake 450 kamili inaruhusiwa kumlipia sehemu yake; kiasi hicho hakiongezwi kwenye mshahara katika kuhesabu michango, ila huongezwa kwenye kipato chake cha kutozwa kodi ya mapato, na wengi husahau sehemu hiyo ya pili.

Kodi ya mapato ya mhudumu ni jambo tofauti na michango. Mwajiri wa nyumbani halazimiki kuikata isipokuwa mhudumu ameiomba na mwajiri akakubali, na ombi hilo hufanywa kwa Fomu W-4. Hata hivyo kutokatwa hakumaanishi kutodaiwa, na mwajiri mwungwana humweleza mhudumu hivyo mapema, hasa aliyefika nchini karibuni kutoka mahali ambapo mwajiri humaliza kila kitu kwenye hati ya mshahara.

Sheria huwaachia ndugu wachache. Mshahara ambao mtu humlipa mwenzi wake wa ndoa kwa kazi za nyumbani hautozwi michango hii, wala ule anaomlipa mtoto wake aliye chini ya miaka 21. Mzazi anayelipwa na mwanawe kwa kawaida naye hatozwi, isipokuwa pale anapomlea mjukuu aliye chini ya miaka 18, au aliye mgonjwa wa kuhitaji uangalizi, na mwajiri mwenyewe ni mjane, ametalikiwa na hajaoa au kuolewa tena, au anaishi na mwenzi ambaye kwa hali yake ya afya hawezi kumtunza mtoto huyo. Mfanyakazi aliye chini ya miaka 18 ambaye kazi ya nyumbani si kazi yake kuu, kama vile mwanafunzi, naye yumo katika msamaha. Orodha inaishia hapo, na ufupi wake huwashangaza watu waliolelewa katika ukoo mpana: mama mdogo aliyemlea mwajiri tangu utotoni si mzazi wake kwa sheria hii, mtoto wa kaka si mtoto wake, na shangazi, binamu na shemeji wote ni wafanyakazi kama wengine mara tu wanapolipwa hadi kufikia kiwango. Mzazi aliyeingia Marekani kwa viza ya matembezi ana zuio jingine kabisa, kwa kuwa viza hiyo haimruhusu kuajiriwa, na kumlipa mshahara ni kuihatarisha hadhi yake ya uhamiaji.

Uzembe uliozoeleka katika kulipa michango hii una historia yake. Sheria ya Hifadhi ya Jamii ilipopitishwa mwaka 1935 iliwaacha nje watumishi wa majumbani na vibarua wa mashambani, kazi mbili ambazo katika majimbo ya kusini zilifanywa kwa wingi na Wamarekani weusi, na haikuwaingiza watumishi wa majumbani wenye kazi ya kudumu hadi marekebisho ya mwaka 1950. Kwa miongo iliyofuata kiwango kilikuwa dola 50 tu kwa robo mwaka, na kaya nyingi ziliishi kana kwamba sheria haipo. Mambo yalibadilika Januari 1993, pale Zoë Baird, aliyeteuliwa na Rais Bill Clinton kuwa Mwanasheria Mkuu, alipolazimika kujitoa baada ya kufahamika kwamba alikuwa ameajiri nyumbani watu wasio na vibali vya kazi na hakuwa amewalipia michango. Mwaka 1994 Bunge lilipandisha kiwango hadi dola 1,000 kwa mwaka, kikaachwa kipande kadiri mishahara ya nchi inavyopanda, na likairuhusu familia kulipa pamoja na ritani yake ya kawaida.

Hoja kwamba mhudumu mwenyewe ndiye aliyeomba alipwe mkononi bila makato husikika mara nyingi, na ni hoja dhaifu. Sheria haimpi uwezo wa kuisamehe michango, na anayepoteza zaidi ni yeye, kwa sababu pensheni ya Hifadhi ya Jamii humtaka mtu awe amekusanya alama 40 za kazi, na hawezi kupata zaidi ya 4 kwa mwaka mmoja. Mwaka 2025 alama moja ilihitaji mapato yaliyoripotiwa ya dola 1,810. Mhudumu wa mfano uliotolewa hapo juu hujaza alama zake 4 za mwaka bila shida. Akilipwa mkononi kwa miaka kumi hapati hata moja, na kazi ikikoma ghafla hukuta jina lake halimo pia katika bima ya kukosa ajira.

Bima hiyo ndiyo kodi ya tatu, nayo hulipwa na mwajiri peke yake bila kumkata mfanyakazi. Katika ngazi ya shirikisho huanza pale kaya inapowalipa wafanyakazi wake wote kwa pamoja dola 1,000 au zaidi katika robo yoyote ya mwaka huu au uliotangulia, na hutozwa asilimia 6 ya dola 7,000 za kwanza za kila mfanyakazi. Aliyelipa kwa wakati mchango wa jimbo lake hupewa unafuu wa hadi asilimia 5.4, akabaki na asilimia 0.6, yaani dola 42 kwa mwaka. Katika majimbo yaliyokopa fedha za mfuko huo kwa serikali kuu na kuchelewa kuzirejesha, kama California, unafuu hupungua. Majimbo yenyewe yana viwango vyao vya kuanzia, ambavyo ni dola 1,000 kwa robo mwaka katika California na dola 500 katika New York, na baadhi huongeza bima ya fidia kwa mfanyakazi anayeumia kazini. Sharti hili la mwisho halipaswi kupuuzwa katika kazi ya kumnyanyua mtu mzima kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu, ambapo mgongo wa mhudumu huweza kuumia siku yoyote.

Kabla ya kazi kuanza, mwajiri anahitaji namba ya utambulisho wa mwajiri, ambayo IRS huitoa bure kwa njia ya mtandao au kwa Fomu SS-4, na tovuti zinazotoza ada kwa ajili yake hazina lolote la kumzidishia. Anahitaji pia kujaza pamoja na mhudumu Fomu I-9, inayothibitisha utambulisho na ruhusa ya kufanya kazi. Mhudumu hujaza sehemu yake kufikia siku ya kwanza ya kazi, na mwajiri hukagua hati halisi, si nakala zilizopigwa picha, ndani ya siku tatu za kazi baada ya hapo. Fomu hiyo haipelekwi popote, huhifadhiwa nyumbani. Kisha daftari la saa lifunguliwe, kila siku ikiandikwa saa ya kuingia na ya kutoka na kutiwa saini na wote wawili mwisho wa wiki, kwa kuwa magomvi mengi ya malipo huanzia pale ambapo mmoja anakumbuka saa sita na mwingine nane.

Katikati ya mwaka mwajiri wa nyumbani halazimiki kuwasilisha michango ya shirikisho kila mwezi, lakini IRS humtaka asilimbikize deni lote hadi mwisho. Aliyeajiriwa mahali anaweza kumwomba mwajiri wake, kwa Fomu W-4 mpya, amkate kodi zaidi kiasi cha kufidia michango ya mhudumu, na hii ndiyo njia nyepesi kuliko zote. Asiye na mshahara hulipa kwa awamu nne, ambazo kwa kawaida ni tarehe 15 za Aprili, Juni, Septemba na Januari. Kufikia Januari 31 ya mwaka unaofuata, mhudumu lazima awe amepewa Fomu W-2 inayoonyesha mshahara na makato yake, na nakala yake pamoja na Fomu W-3 iwe imefika Mamlaka ya Hifadhi ya Jamii, ambayo huipokea bila malipo mtandaoni. Hesabu yote hatimaye huingizwa katika Jedwali H, ambalo huambatanishwa na ritani ya mwajiri, Fomu 1040, mwezi Aprili. Kwa mfano wa mhudumu wa dola 450 kwa wiki, jedwali hilo lingeonyesha dola 3,622.20, bima ya shirikisho ya kukosa ajira ikiwemo, na nusu yake hivi ni fedha za mhudumu mwenyewe zilizokwisha kukatwa.

Ipo njia nyingine ambayo familia zenye kipato kidogo hazipaswi kuipita. Medicaid, bima ya afya ya watu wenye kipato cha chini inayoendeshwa na majimbo kwa kushirikiana na serikali kuu, ina mipango inayomruhusu mgonjwa kumchagua mhudumu wake, hata akiwa ndugu, huku mshahara ukitoka serikalini. Katika California mpango huo hujulikana kwa kifupi cha IHSS. Katika mipango hiyo chombo maalumu hukata makato na kutoa W-2 kwa niaba ya mgonjwa, na mhudumu anayeishi nyumba moja na mgonjwa anaweza kuwa na haki ya kutotozwa kodi ya mapato kwa malipo hayo, kwa mujibu wa tangazo la IRS namba 2014-7, ingawa michango ya Hifadhi ya Jamii na Medicare kwa kawaida hubaki palepale.

Familia iliyolipa kihalali hupata pia nafuu ambazo anayelipa mkononi hawezi kuzidai. Mtu anayefanya kazi, na anayeishi kwa zaidi ya nusu ya mwaka na mtegemezi asiyeweza kujihudumia, anaweza kudai unafuu wa gharama za uangalizi kwa Fomu 2441, ambapo gharama zinazohesabiwa hufikia dola 3,000 kwa mtegemezi mmoja na dola 6,000 kwa wawili au zaidi, michango ya mwajiri ikihesabiwa ndani yake. Gharama za kumhudumia mgonjwa sugu kwa mpango uliowekwa na mtaalamu wa afya huweza kuingia katika gharama za matibabu, ambazo hupunguzwa kwenye kipato pale zinapozidi asilimia 7.5 ya kipato kilichorekebishwa. Lakini dola moja haiwezi kudaiwa pande zote mbili.

Aliyekwisha kulipa mkononi kwa miaka kadhaa bado ana nafasi ya kurekebisha, kwa kuwasilisha Jedwali H la kila mwaka uliopita pamoja na W-2 za miaka hiyo, na ni afadhali afanye hivyo kabla mhudumu hajaomba mafao ya kukosa ajira, kwani ombi hilo ndilo ambalo mara nyingi huifichua kaya. Mgonjwa aliyekuwa mwajiri akifariki, msimamizi wa mirathi humlipa mhudumu mshahara wa mwisho, humwandalia W-2 na kuliambatanisha Jedwali H na ritani ya mwisho ya marehemu. Daftari la saa, stakabadhi za malipo na nakala za fomu za kodi zihifadhiwe kwa miaka isiyopungua 4 tangu siku ritani ilipotakiwa au kodi ilipolipwa, ikitegemea ipi ilikuja baadaye.